Kadi Inayonepa Yataka Gadi

Kunepa ni kitenzi ambacho nakisikia kwa nadra siku hizi midomoni mwa wanafunzi. Ufito mrefu ukitundikwa mzigo kwenye ncha, hunepa. Tawi la mwembe lililozidiwa na matunda nalo hunepa. Huko si kuvunjika, wala si kupinda kama msumari uliopigwa vibaya. Ni kule kuinama polepole kwa kitu kilichoshikiliwa upande mmoja huku upande wa pili ukilemewa. Neno hili limenirejea akilini kwa sababu ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji wangu. Ndani ya tarakilishi nyingi za kisasa mna kifaa kinachonepa, na kunepa kwake kwaweza kuwatia hasara walimu na wanafunzi waliojinyima mengi ili kukipata.

Kifaa chenyewe ni kadi ya michoro. Wapo watakaouliza: mwanaisimu ana nini na mambo ya mafundi? Jibu langu ni fupi. Kadi hii, iliyobuniwa kwa ajili ya kuchora picha za michezo kwenye skrini, ndiyo leo inayofanya hesabu za kutambua sauti, kufasiri matini na kuifunza mashine lugha za wanadamu. Idara ya lugha inayotaka kuyaweka kwenye maandishi mahojiano ya saa mia kadhaa inaihitaji sawa na vile kizazi cha walimu wangu kilivyohitaji kinasa sauti. Anayesomea usanifu wa majengo anaihitaji, na yule anayejifunza kutengeneza filamu za vibonzo vilevile. Bei ya kadi za daraja la juu aghalabu hupita bei ya sehemu nyingine zote za tarakilishi zikijumlishwa. Mali ya namna hiyo haifai kuachwa ikining'inia.

Hebu tuanze na uzito. Mwaka 1996, kadi ya Voodoo yenye vichakataji vya kampuni ya Marekani ya 3dfx ilipoingia sokoni, kile kilikuwa kipande chepesi cha ubao wenye sakiti ambacho hakikuhitaji hata feni. Miaka mitatu baadaye, yaani 1999, NVIDIA ikatoa GeForce 256, nayo bado ilikuwa kitu cha kutiwa katika mkoba mdogo wa mkononi. Linganisha na RTX 4090 ya kampuni hiyo hiyo, iliyoingia sokoni Oktoba 2022. Toleo lililotengenezwa na NVIDIA yenyewe lina urefu wa milimita 304, unene wa milimita 61, na uzito unaopita kilo 2. Kampuni nyingine zinazotumia kichakataji hicho hicho zimetoa kadi ndefu zaidi, baadhi zikipita milimita 340.

Uzito wote huo hautokani na ubongo wa kadi, ambao ni kigae chembamba cha silikoni unachoweza kukifunika kwa vidole viwili. Unatokana na mavazi yake. Kadi hiyo hula umeme hadi wati 450, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Joto lisipoondolewa, kigae huungua. Kwa hiyo kimevishwa shaba, mapezi ya alumini na feni kubwa. Si kila toleo jipya huwa nene kuliko lililotangulia, kwani RTX 5090 ya Januari 2025, ingawa hula hadi wati 575, ina unene wa milimita 40 tu katika toleo la NVIDIA. Hata hivyo, mwelekeo wa robo karne hauna utata. Kadi imekuwa jitu.

Sasa tazama jitu hili linavyoshikiliwa. Fungua ubavu wa kasha la tarakilishi inayosimama wima. Ubao mkuu (wauzaji huuita ubao-mama, na sijapata kuelezwa mwana ni nani) umesimama kama ukuta. Kadi imechomekwa ukutani humo, ikalala sambamba na sakafu mithili ya rafu ya vitabu. Inashikwa mahali pawili. Pa kwanza ni nyuma ya kasha, ambako bamba lake la chuma hufungwa kwa skrubu. Pa pili ni soketi ya ubao mkuu, ambayo ina urefu wa milimita 89 na ndoano ndogo ya plastiki mwishoni. Soketi hiyo yenyewe iko karibu na bamba. Ndiyo kusema kadi ya milimita 304 huipita soketi na kubaki ikielea hewani kwa zaidi ya nusu ya urefu wake. Mihimili yote miwili imejazana upande mmoja, na pembe ya mbali haina wa kuishika. Rafu ya namna hiyo, seremala wa Gikomba angeona haya kukuuzia.

Ni nani basi aliyeamua mambo yawe hivyo? Hakuna, na hapa ndipo habari hii inaponivutia mimi kama mtu wa lugha. IBM ilipotoa tarakilishi yake ya mwaka 1981, kasha lililala juu ya meza na skrini ikakaa juu yake. Ubao mkuu ulilala chini, nazo kadi zikasimama wima juu ya ubao, hivyo kwamba uzito wa kadi uliisukuma ndani zaidi ya soketi yake. Fauka ya hayo, kadi ndefu za wakati huo, zilizopita sentimita 30, zilikuta reli ya plastiki upande wa mbele wa kasha, nayo ikaishika ncha ya pili. Kadi ilikuwa na wa kuishika huku na huku.

Kisha kasha likasimamishwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea katika miaka ya 1990, likawa mnara na kuteremshwa chini ya meza ili meza ipate nafasi. Kilichokuwa kimesimama kikalala. Wakati huo huo kadi zilikuwa zikifupika, kwa hivyo ile reli ya mbele ikaonekana haina kazi, na watengenezaji wa makasha ya kawaida wakaiacha. Miaka ikapita, kadi zikarefuka na kunenepa upya, lakini reli haikurejea. Katika seva na katika baadhi ya tarakilishi za kazi nzito za kihandisi mhimili wa ncha ya pili bado upo, jambo linaloonyesha kwamba wahandisi hawakusahau kanuni. Wanunuzi wa kawaida ndio waliosahaulika. Anayechunguza historia ya lugha ameyaona mabadiliko ya sampuli hii mara nyingi. Kila hatua ina mantiki yake, hakuna msemaji aliyekaa akapanga, na mwisho wake ni mfumo wenye pengo ambalo hakuna aliyelikusudia.

Walimu wa fizikia watapata hapa mfano bora kuliko ule wa bembea uliochakaa vitabuni. Mpe mwanafunzi pakiti ya unga ya kilo 2 aishike kwa mkono ulionyooshwa, kisha umwulize ni wapi anapoumia. Hatasema kiganja, atasema bega. Tuchukue kadi ya kilo 2, ambayo uzito wake ni nyutoni 20 hivi, na tuseme kitovu cha uzito huo kiko sentimita 15 kutoka kwenye bamba. Momenti inayolivuta bamba ni 20 mara 0.15, yaani nyutoni-mita 3. Sasa simamisha kiguzo kwenye ncha, sentimita 30 kutoka kwenye bamba. Ili kuizuia momenti hiyo kiguzo kinatakiwa kusukuma juu kwa nyutoni 10 tu, ambazo ni nusu ya uzito wa kadi, na kijiti chochote kikavu kinazimudu. Hesabu hii nimeirahisisha, maana soketi nayo hubeba sehemu yake, lakini darasa la kidato cha pili halihitaji zaidi ya hapo ili kuona kwa nini kitu kidogo kikiwekwa mahali pake hufanya kazi kubwa.

Je, kadi iliyonepa hufa? Sipendi kuwatia watu hofu, kwa kuwa wauzaji wa viguzo wamekwisha kuifanya kazi hiyo barabara. Kadi nyingi hunepa milimita chache zikafanya kazi miaka na miaka. Ubao wa kadi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na unastahimili kiasi fulani cha kupindwa. Watengenezaji wengi huutia bamba la mgongoni ili uwe mkakamavu, na baadhi ya soketi zimevikwa chuma. Hatari imejificha kwingine. Kichakataji na vipande vya kumbukumbu vimeunganishwa na ubao kwa vitone vidogo mno vya lehemu, na lehemu haipendi kupindwa. Kadi ikichemka na kupoa kila siku huku imeinama, vitone hivyo huchoka. Mahali pengine pa kuogopewa ni pale karibu na ndoano ya soketi, ambapo ubao umechongwa ukaachwa na kijino chembamba. Katika miaka hii ya 2020 mafundi wa ng'ambo wameonyesha kadi nzito zilizopasuka papo hapo. Kwa kuwa ubao una matabaka kadhaa ya njia za shaba, ufa ukizikata zile za ndani, huwa ni vigumu mno kuzifikia kwa lehemu. Na ufa haumngojei mwenye kadi akiwa tayari.

Idara yetu ilipata kadi moja ya aina hii kwa fedha za mradi wa kuhifadhi masimulizi ya wazee wanaozungumza lahaja za kaskazini mwa pwani, yaani Kitikuu, Kipate na Kiamu. Rekodi zina nakala. Zikipotea hapa, ziko kwingine. Kadi haina nakala. Mradi ulikwisha, hakuna kifungu cha fedha cha kununulia nyingine, na wanafunzi wanne wa uzamili walikuwa wakiitumia kwa zamu, kila mmoja na tarehe yake ya kuwasilisha tasnifu. Siku moja fundi wetu alipokuwa akipangusa vumbi aliweka rula ndani ya kasha akaona ncha ya kadi imeshuka milimita 6. Tukaomba tununuliwe kiguzo, ambacho bei yake haizidi chakula cha mchana cha watu wawili. Ombi likarudi na swali: kifaa hiki ni nini, na kimo katika orodha ipi ya vifaa vya chuo?

Kusema kweli halikuwa swali la kipuuzi. Fomu ilikuwa imejazwa kwa jina la kibiashara la Kiingereza, refu kama treni, ambalo Mwingereza mwenyewe angelisoma mara mbili. Afisa anayelinda fedha za umma ana haki ya kutia shaka kitu asichoweza kukiwaza. Wakati barua zikienda na kurudi, yule fundi, mzaliwa wa Faza, aliichungulia kadi akasema, "Mwalimu, hii yataka gadi tu."

Wanafunzi wa bara huenda wasilijue neno hilo. Chombo cha baharini kikipwelewa, maji yakatoka na kukiacha mchangani, hakiwezi kusimama kwa mkuku wake peke yake, kitalala ubavu. Kwa hiyo mabaharia hukitilia miti ya kukiegemeza, nayo ndiyo gadi, na tendo lenyewe huitwa kugadimu. Kiswahili kina majina mengine ya jamaa hii na kila moja lina kazi yake. Nguzo husimama daima na nyumba huitegemea. Mhimili hubeba mzigo mkuu wa jengo. Mwega huegemezwa kwenye kitu kinachotaka kuanguka. Gadi ni ya chombo kizima, chenye thamani, kisichokuwa na kasoro yoyote ila kwamba kimewekwa katika mkao ambao hakikuundiwa. Sijui maelezo bora ya kadi ya michoro ndani ya kasha la mnara. Hatukuhitaji kuita kamati ya istilahi. Mwanafunzi akisema "kadi inanepa, itie gadi", ameeleza ugonjwa na tiba kwa maneno manne, na hata mama yake aliye nyumbani, ambaye hajawahi kuigusa tarakilishi, ameelewa fedha zake zinatakiwa kufanya nini. Nawasihi walimu wa somo la tarakilishi wayatumie maneno haya pasi na kuona haya.

Fundi hakungoja fomu. Alichukua masalio ya mvule katika karakana ya useremala, akakata kijiti cha mraba, akakipiga msasa, na juu yake akagundisha kipande cha mpira kilichotoka kwenye ndara kuukuu. Kijiti hicho kingali ndani ya kasha hilo na tasnifu mbili zimekwisha kuwasilishwa.

Anayetaka kufanya vivyo hivyo na azime mashine kwanza, auchomoe waya wa umeme ukutani, na aguse sehemu ya chuma ya kasha ili mwili wake usiwe na umeme tuli. Kabla hata ya kufikiria kijiti, azitazame skrubu za bamba. Mara nyingi kadi hunepa kwa sababu tu skrubu ziliachwa zikilegea, au moja haikufungwa kabisa. Zilegeze zote, inua ncha ya kadi kwa mkono hadi ilingane, kisha uzikaze huku mkono ungali hapo. Angalia pia kebo nene ya umeme isiwe inaivuta kadi chini. Baada ya hayo ndipo upime kwa rula nafasi iliyoko kati ya kadi na sakafu ya kasha, karibu na bamba na kwenye ncha. Nafasi hizo mbili zikitofautiana, kijiti kinahitajika, na urefu wake umekwisha kuupata. Pimamaji ya mwashi hufaa pia, mradi ukumbuke kwamba pengine meza yenyewe ndiyo iliyoinama.

Kijiti husimamishwa chini ya fremu ya kadi, karibu na ile pembe ya mbali iliyo upande wa mlango wa kasha. Kisiguse mapanga ya feni, kisizibe njia ya hewa, wala kisisukume sakiti zilizo wazi. Ncha yake iwe ya mpira, mbao au plastiki. Chuma kitupu hakina kazi pale. Wako wanaotumia vitofali vya plastiki vya watoto, na vinafaa sana kwa kuwa vinapangika kwa urefu unaotakiwa. Wengine hufunga mshipi wa kuvulia samaki juu ya kasha na kuitundika ncha ya kadi, njia ambayo naipenda kwa werevu wake, ila mshipi hulegea. Vile viguzo vya dukani vyenye skrubu ya kurefusha na sumaku kitakoni ni vizuri, na aliyenunua kadi kubwa mpya alipekue boksi kabla ya kulitupa, maana watengenezaji kadhaa sasa hutia kiguzo humo. Tahadhari moja kuhusu hivi vya skrubu: shauku ya kuinua isizidi kipimo. Kadi iliyosukumwa juu kupita usawa imepindwa vilevile, tofauti ni kwamba imepindwa kuelekea upande mwingine.

Asiye na kijiti wala senti anaweza kulilaza kasha ubavu, mlango wake ukitazama juu, na kuirudisha kadi katika mkao wa mwaka 1981. Kunepa kutakoma siku hiyo hiyo. Lakini ahakikishe kwamba matundu ya hewa hayakuzibwa, na asiligeuze kasha kuwa meza ya vikombe vya chai. Zipo pia kebo maalumu za kuihamisha kadi na kuisimamisha wima kando ya ubao mkuu. Naziona kuwa ni anasa, na katika makasha mengi huisogeza kadi ikabanana na kioo cha mlango na kukosa hewa.

Lililobaki ni la safari. Likizo ikifika, wanafunzi huzipakia tarakilishi zao katika matatu na mabasi ya kwenda mashambani, kadi ikiwa ndani na gadi ikiwa imesimama kama ilivyo. Gadi hufaa mezani. Barabarani huanguka kwenye tuta la kwanza, na kadi ya kilo 2 ikirushwa juu na kushuka mara elfu moja kati ya Nairobi na Kisii hufanya kazi ya nyundo juu ya soketi. Ichomoe kadi kabla ya safari, ukikumbuka kuibonyeza ile ndoano kwanza, kwani wengi huivuta kadi kwa nguvu wakaing'oa ndoano pamoja nayo. Itie katika mfuko ule wa kuzuia umeme tuli iliokuja nao, uizungushie shuka au sweta, na usafiri nayo mapajani.